Pori Halina Mlango, Lakini Hodi Hupigwa

Maneno yaliyosemwa mbele ya familia zilizokimbia vita, viongozi wa kambi na wazee wa vijiji vinavyowapokea, katika teritwari ya Mambasa, jimbo la Ituri



Tunawashukuru wenyeji kwa kutuazima baraza hili, na akina mama walioacha kazi za nyumbani ili waje kusikiliza. Leo hatukuja na posho, wala hatukuja kuandika majina. Tumekuja kuzungumza juu ya jambo moja: namna mtu aliyefika katika eneo lisilo lake anavyoweza kupata ruhusa ya kuingia katika pori la wengine, awinde, apate mboga, na arudi nyumbani bila kuacha ugomvi nyuma yake.

Wengi wenu mnajua kwa nini tumechagua jambo hili. Kiangazi kilichopita vijana wa kambi walikwenda kutega waya ng'ambo ya kijito. Walikuwa na njaa na wana wadogo nyumbani. Asubuhi moja Wambuti walitoka na nyavu na mbwa wao kwa njia wanayoifuata tangu wakati wa babu zao. Mbwa mmoja akanaswa na waya, akafa. Kesho yake waya zote ziling'olewa zikatupwa mbele ya kambi. Siku mbili baadaye akina mama wa kambi wakazuiwa kuokota kuni upande ule. Kwa majuma mawili watoto walikula chakula kisichoiva vizuri, na sokoni watu wa pande mbili hawakusalimiana. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyepoteza uhai. Lakini tuliona jinsi waya mmoja unavyoweza kuwafunga watu wengi.

Kabla ya kusema kosa la wengine, tuseme letu. Sisi watu wa shirika ndio tuliowapeleka vijana wale kwa kiongozi mmoja mkubwa. Tulieleza shida yao, naye akakubali. Tulifurahi, tukaandika katika ripoti kwamba familia za kambi zimepata mahali pa kuwinda. Hatukuuliza ni ukoo gani wenye pori lile. Hatukuuliza ni nani anapita pale. Mzee mmoja wa Wambuti alituambia baadaye: "Nyinyi mliuliza mdomo wa mkubwa. Miguu yetu hamkuiuliza." Alisema kweli. Mambo tutakayosema leo tuliyajifunza kutokana na kosa hilo.

Kwa nini mkimbizi anaingia porini

Wenyeji wetu, tunaomba mlielewe jambo hili kwanza. Mtu aliyetoka Irumu au Beni hakuacha kwake kwa kupenda. Tangu mwaka 2014 huko Beni, na miaka iliyofuata huku Ituri, watu wengi waliuawa katika mashamba yao. Waliobaki walikimbia na mtoto mgongoni na sufuria mkononi. Mtu huyo ana mikono na anajua kazi, lakini hana udongo wa kuweka jembe wala pori la kuweka wavu. Methali inasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Haisemi alime wapi.

Msaada ukichelewa, na mara nyingi unachelewa, kijana anatazama pori lililo nyuma ya kambi. Anaona kwamba halina ukuta, halina mlango, halina mlinzi. Anajiambia: nyama ya porini ni ya Mungu. Basi anaingia usiku, kwa sababu moyoni anajua kwamba mchana ataulizwa.

Pori lina wenyewe

Ndugu zetu wa kambi, na ninyi sikieni. Pori lisilo na ukuta lina wenyewe, tena wengi, na kila mmoja ana haki ya namna yake.

Wa kwanza ni Serikali. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilisema kwamba udongo wote wa nchi hii ni mali ya Serikali. Wanyama nao wana sheria yao: sheria ya kuwinda ya tarehe 28 Mei 1982 inadai kibali, na kuna wanyama wasioguswa kabisa, kama okapi, tembo na sokwe.

Wa pili ni ukoo. Kijijini kila mzee anajua kwamba kutoka kijito hiki hadi mlima ule ni pori la watu fulani. Hakuna karatasi, lakini kuna mashamba ya zamani yaliyorudi kuwa pori, kuna makaburi, kuna michikichi iliyopandwa na babu. Mtu anayepita haraka haoni kitu. Mwenyeji anaona jina la babu yake.

Wa tatu ni Wambuti na Waefe. Mara nyingi hao ndio tunaowasahau, kwa sababu leo kambi yao iko hapa na mwezi ujao imehamia pengine. Tunadhani kwamba mtu anayehama hana mahali. Lakini tazameni namna Wambuti wanavyowinda kwa nyavu. Wanaume wanaunganisha nyavu zao zikawa kama nusu duara kubwa porini. Akina mama na watoto wanatoka upande wa pili wakipiga kelele na kupiga majani, ili mboloko, yule swala mdogo wa porini, akimbilie kwenye nyavu. Kazi hiyo inahitaji familia nyingi na njia wanazozijua vizuri. Mtu akitega waya katika njia hizo, ameharibu windo la kambi nzima, na ameweka hatari mbele ya miguu ya watoto wanaokimbia. Tena tangu tarehe 15 Julai 2022 nchi yetu ina sheria inayolinda haki za watu hao, pamoja na haki zao juu ya ardhi na pori wanaloishi. Kuwauliza ni jambo la adabu na pia ni jambo la sheria.

Wa nne, kwa wale wanaokaa karibu na barabara ya Epulu, ni Hifadhi ya Okapi. Iliundwa mwaka 1992, na mwaka 1996 ikawekwa katika orodha ya urithi wa dunia. Hifadhi hiyo ina sehemu za namna mbalimbali. Kuna sehemu ambamo hakuna ruhusa ya kuwinda hata kidogo. Kuna sehemu ambamo wenyeji wanaruhusiwa kuwinda kwa njia za asili ili wajilishe. Kuna sehemu za kulima. Mipaka yake haionekani kwa macho ya mgeni. Kwa hiyo chefu wa kijiji hawezi kumpa mgeni ruhusa ya mahali ambapo yeye mwenyewe hana ruhusa. Waulizeni walinzi wa ICCN kabla, maana kuwauliza kabla ni rahisi kuliko kujibu maswali yao baadaye.

Hata Marekani wanapiga hodi

Mzee mmoja wa kambi alituuliza: "Mbona mnatutesa na maswali mengi? Watu wa nchi tajiri wanaulizwa hivyo?" Swali hilo ni zuri. Wakongomani wengi waliokimbilia nchi jirani walipelekwa kuishi Marekani, na wengine wenu mna jamaa huko. Waulizeni kwa simu juu ya kuwinda swala wa kule. Ni wakubwa kuliko mboloko wetu, na madume yana pembe zenye matawi.

Watawaambia hivi. Marekani ni nchi moja, lakini kila jimbo lina sheria yake ya kuwinda. Mtu wa jimbo moja akitaka kwenda kuwinda katika jimbo lingine, anahesabiwa kuwa mgeni, ingawa ni raia wa nchi ileile. Ananunua kibali cha mgeni, na kwa kawaida bei yake ni kubwa kuliko ya mwenyeji. Kibali hicho kinampa haki ya kuwinda mnyama, lakini hakimpi haki ya kuingia katika shamba la mtu. Swala wa porini ni wa watu wote wa jimbo, lakini udongo anaoukanyaga una mwenyewe. Ziko ardhi za Serikali zilizo wazi kwa wawindaji, kila moja na masharti yake. Lakini katika jimbo kama Texas, karibu ardhi yote ni ya watu binafsi. Huko mwindaji mgeni anakwenda miezi kabla ya msimu, anagonga mlango wa mwenye shamba, anajitambulisha, anaomba. Wengine wanapewa bure, wengine wanasaidia kazi ya shamba, wengi wanalipa kodi ya msimu, na maneno yanaandikwa.

Tena huko Texas na Missouri sheria inakubali kwamba mwenye ardhi akipaka rangi ya zambarau kwenye miti ya mpakani, maana yake ni: usiingie. Hakuna ukuta, hakuna mlinzi, kuna rangi tu juu ya mti. Na mnyama aliyejeruhiwa akivuka mpaka akafia katika shamba la jirani, katika majimbo mengi mwindaji haruki kumfuata. Anarudi kuomba ruhusa.

Hatusemi kwamba maisha yetu na yao ni sawa. Yule anawinda akiwa ameshiba, na ninyi mnawinda kwa njaa. Tunasema tu kwamba mgeni popote duniani anaanza na hodi, na anayeomba ruhusa hajidharau.

Namna ya kupiga hodi

Kutokana na yaliyotupata, sasa tunafuata njia hii, na tunawashauri muifuate hata sisi tusipokuwepo.

Anzeni na familia inayowapokea. Wao wanajua pori ni la nani, na watawaongoza kwa mzee wa ukoo. Msianze juu kabisa. Mkubwa akisema ndiyo na wadogo hawajui, ndiyo yake haifiki porini.

Kisha mwende kwa mzee wa ukoo mchana, watu wachache, pamoja na mzee wa kambi. Msiende vijana peke yao na mapanga mkononi. Mama mmoja au wawili wawepo, kwa sababu kuni, maji na sombe ni mambo ya pori vilevile, na ruhusa ya kuwinda isiwasahau.

Baada ya hapo Wambuti waitwe, au mwende kambini kwao. Msiwatumie salamu kwa mtu mwingine. Mwisho maneno yafikishwe kwa chefu wa kijiji na wa grupema, ili ayajue na ayashuhudie.

Mkifika, semeni mambo matano waziwazi:

1. Wapi. Tajeni kijito, njia na mlima. Kisha wote mtembee pamoja mpaka huo kwa miguu. Maneno ya barazani yanasahaulika, lakini mti ulioguswa na watu wa pande mbili unakumbukwa.

2. Nini. Mboloko na panya wa porini kwa sufuria ya nyumbani ni jambo moja. Mizigo ya nyama ya kupakia kwenye pikipiki kwenda mjini ni jambo lingine. Msiombe la kwanza mkafanya la pili.

3. Kwa chombo gani. Waya unakamata kila kitu: mnyama mwenye mimba, mbwa wa jirani, na mnyama anayeoza kabla hujarudi kumtazama. Wenyeji wakisema waya hapana, basi hapana. Silaha za vita zisitajwe hata kwa mchezo.

4. Hadi lini. Semeni msimu, semeni mwezi. Ruhusa isiyo na mwisho ndiyo inayozaa hofu.

5. Mtatoa nini. Pengine ni paja la mnyama kwa mzee wa ukoo, pengine siku moja ya kazi shambani, pengine ni kushirikiana na Wambuti katika windo lao na kugawana. Kila upande ukubali kwa hiari, na kipimo kijulikane.

Mambo hayo yaandikwe kwenye karatasi, yasomwe kwa sauti katika lugha ambayo wote wanaisikia, na mashahidi wa kila upande waweke sahihi au dole gumba. Karatasi hiyo si hati ya ardhi, na lazima mlisome neno hilo mbele ya wote: hii si hati ya ardhi.

Neno kwa wenyeji

Wazee wetu wa vijiji, tunajua hofu yenu, ingawa hamuisemi mbele ya wageni. Mnaogopa kwamba mgeni aliyeomba kijito leo, kesho ataomba mlima, na mtoto wake atasema hapa ni kwetu. Hofu hiyo si ya bure. Ituri imeona damu nyingi kwa ajili ya ardhi, hasa katika vita vilivyoanza mwaka 1999.

Lakini mila zetu zinajua kutofautisha kuazima na kutoa. Ndugu zetu wa Bushi, Kivu ya Kusini, wana maneno mawili. Kalinzi ni pale mtu anapotoa mbuzi au ng'ombe kwa mkubwa wa ardhi ili apate mahali pa kukaa na kurithisha. Bwasa ni pale anapopewa kulima kwa muda tu, kisha anarudisha. Mwenye bwasa hapandi migomba wala miti, kwa sababu mti ni alama ya kukaa. Hapa kwetu majina ni mengine, lakini wazo lipo. Mkimpa mkimbizi ruhusa ya msimu, hamjampa pori.

Tunawaomba mambo matatu. Kama jibu ni hapana, semeni hapana mapema, watu watafute pengine. Msimpe mgeni wa pili mahali mlipokwisha kumpa wa kwanza kwa sababu ameleta franka zaidi. Na msibadilishe masharti baada ya mtu kufanya kazi yake. Mkimbizi naye ana hofu: kufukuzwa siku ile ile nyama inapopatikana au mihogo inapokomaa. Karatasi yenye mwisho unaojulikana inatuliza hofu ya pande zote mbili.

Kama kijiji kinaona kwamba wageni na makampuni wanalitamani sana pori lake, kuna njia ya sheria pia. Dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba pori wanalolishika kwa mila liwe pori la jamii lenye hati, hadi hektari 50,000. Katika ombi hilo Wambuti wahesabiwe pamoja na wengine, wala wasiitwe siku ya kupiga picha tu.

Jambo la afya

Tusisahau ugonjwa wa Ebola uliosumbua Kivu ya Kaskazini na Ituri kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020. Huku Mambasa tulizika watu. Basi mnyama aliyekutwa amekufa porini asiokotwe, hata kama anaonekana mzuri na njaa ni kali. Watoto wafundishwe hivyo. Nyama ipikwe iive kabisa, na anayechinja anawe mikono.

Ugomvi wetu ulivyokwisha

Mnataka kujua yale mambo ya mbwa yaliishaje. Tulikaa siku mbili chini ya baraza. Siku ya kwanza watu walilaumiana tu. Siku ya pili baba wa mmoja wa vijana alisimama, akasema: "Mtoto wangu alikosa, na mimi nilikula nyama ile nikijua ilikotoka." Baada ya neno hilo hewa ilibadilika. Familia za kambi zilitafuta mbwa mdogo na chumvi, wakapeleka. Mzee wa Wambuti alipokea, kisha akawachukua vijana wote hadi kijitoni. Akavunja tawi, akaliweka njiani, akawaeleza kwamba tawi lililowekwa vile linamwambia anayepita asifuate njia ile. Vijana walikuwa wamelikanyaga tawi kama hilo mara nyingi bila kujua.

Leo wanawinda upande wa chini wa kijito, bila waya, hadi mvua za kwanza. Wawili kati yao wanakwenda pamoja na Wambuti kwenye nyavu. Nyama ni kidogo, hatuwezi kusema uongo. Familia moja ya wenyeji bado haitaki mgeni yeyote katika pori lake, na tumeheshimu neno lake. Lakini kuni zinaokotwa, na sokoni watu wanasalimiana.

Tumalize kwa jambo hili. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, zinasema katika kanuni ya 21 kwamba mali aliyoiacha mkimbizi ilindwe, isichukuliwe wala kutumiwa isivyo haki. Nyinyi mliacha mashamba, michikichi, na pori la baba zenu. Pengine usiku huu mtu mwingine mwenye njaa amesimama pembeni mwa pori hilo, anatazama kama kuna mtu anayemwona. Mngependa afanye nini?

Basi hapa tulipo, tufanye hivyohivyo. Tupige hodi mchana, tungoje jibu, tuingie kwa adabu, na siku ya kurudi kwetu ikifika tuage tukiacha pori kama tulivyolikuta.

Sasa tunaomba wazee waanze kusema, na vijana wasikose kuuliza.